Nyuso kwenye daftari langu la michoro zinatoka zimepauka, naombeni ushauri

Binti_Sakina
Wakuu salaam. Naombeni msaada kwa wanaojua kuchora maana huku mtaani nikiuliza naambiwa tu kipaji anatoa Mungu na mazungumzo yanaishia hapo. Nina daftari ambalo nachanganya vitu, nabandika vipande vya gazeti, risiti, vitambaa vya kitenge, halafu napaka rangi za akriliki juu (zile za maji zinazokauka kama plastiki) na kuandikaandika. Maua yanakubali, nyumba zinakubali, hata mlima Meru umenitoka vizuri tu, shida ni nyuso. Nataka ukurasa wa bibi yangu na mwingine wa mama anayeuza ndizi pale soko la Kilombero, hapa Arusha, yani watu wetu wa kawaida, ila kila nikipaka ngozi mtu anaonekana kama kashinda mashineni anasaga unga. Macho nayo yanapanda mpaka paji la uso linaisha. Rangi nilizonazo ni seti ndogo ya stesheneri, nyeupe, nyeusi, nyekundu, bluu, njano, kijani na kahawia moja. Kahawia naipunguza na nyeupe, kwenye kivuli naongeza nyeusi. Daftari ni kaunta buku la kawaida, linajikunja likipata maji. Hela ya kozi sina, na video za YouTube karibu zote wanachora wazungu, wanaanzia kwenye pinki huko. Nianzie wapi?

Chalii_wa_Njiro
Aisee jibu umeshaliandika mwenyewe, ni hiyo nyeupe na hiyo nyeusi. Zifungie kabatini kwanza. Kahawia ukiitia nyeupe haipati mwanga, inapauka tu, na nyeusi inaifanya iwe kama masizi. Sehemu inayopigwa na mwanga chukua kahawia yako uiongeze njano na nyekundu kidogo mpaka ielekee chungwa, sehemu ya kivuli changanya kahawia na bluu, hapo utapata giza zuri sana ambalo bado ni ngozi. Nyeupe inakuja mwisho kabisa, tone tu kwenye ncha ya pua na mdomo wa chini, na hata hiyo itie bluu kidogo maana ngozi nyeusi ikiwa nje inarudisha rangi ya anga, mwangalie mtu mweusi aliyekaa barazani mchana utaona paji lake lina ubluu fulani. Ukipata hela ongeza tyubu mbili tu, moja imeandikwa Burnt Sienna nyingine Yellow Ochre. Zote asili yake ni udongo, hiyo ya kwanza ni udongo uliochomwa ndo maana una wekundu. Na kumbuka akriliki ikikauka inaongeza giza, kwa hiyo changanya iwe na mwanga kidogo kuliko unavyotaka.

Mwl_Mstaafu
Mwanangu, hayo ya rangi waachie vijana, mimi nikusaidie macho. Wengi wanapima kuanzia nywele zinapoanza, wanasahau kwamba juu ya hapo kuna fuvu. Macho yanakaa katikati ya kichwa kizima, toka utosini mpaka kidevuni. Kutoka mstari wa macho hadi kidevu gawa nusu, hapo ndipo pua inapoishia. Kutoka puani hadi kidevuni gawa mara tatu, mstari wa midomo unakaa kwenye theluthi ya kwanza. Masikio yanaanzia usawa wa nyusi yanaishia usawa wa chini ya pua. Upana wa kichwa ni kama macho matano, na kati ya jicho na jicho pana nafasi ya jicho moja. Chora hivyo kwa penseli ya HB bila kukandamiza. Kwa bibi, pua na masikio yarefushe kidogo na midomo ipunguze unene. Ukichora mtoto, macho yashushe chini ya katikati.

Brashi_Kavu
Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote mimi hapo kwenye kupima nakubali nusu nusu. Vipimo vinakupa kichwa cha mtu yeyote, havikupi bibi yake. Halafu vinaharibika mtu akigeuka kidogo tu au akiinama, na bibi zetu nani kati yao anakaa kakuangalia mbele kama picha ya pasipoti?

Binti, mimi nakwambia anza na giza na mwanga kabla ya rangi. Chukua picha ya bibi kwenye simu, itoe rangi iwe nyeusi na nyeupe, halafu iangalie jicho nusu umefumba mpaka zibaki sehemu tatu, yenye mwanga, ya kati na ya giza. Chora maumbo ya hizo sehemu bila kujali hili ni jicho au pua. Tumia kahawia peke yake na maji, nzito, ya kati na nyepesi. Ukishaona mtu katokea, hata ukimpaka kijani atabaki yuleyule.

Alafu kuna vitu watu wanavizungushia mstari ambavyo havina mstari. Pua, acha kuchora pembeni, weka kivuli cha chini yake na matundu, basi imetosha. Mdomo, kinachouchora ni ule mstari wa giza midomo inapokutana, wa juu unakuwa na giza zaidi kwa sababu umeinamia chini, wa chini unapokea mwanga. Jicho ndo kabisa, lile jeupe la jicho sio jeupe, ni kijivu chenye kahawia, na kope la juu linaangusha kivuli juu yake, ukikosa hicho kivuli mtu anakuwa kama kashtuliwa. Kile kidoti cha mwanga kiweke upande uleule kwenye macho yote mawili. Na mikunjo ya bibi usiichore kwa penseli kama michirizi, kila mkunjo una upande wa giza na upande wa mwanga.

Dada_Mekapu
Mie nimeingia mbio nikajua ni uzi wa mekapu ya bibi harusi 😂 ila nimesoma nikaona mbona ni kazi yangu hiyohiyo. Sisi saluni mteja mweusi ukimpaka fandesheni iliyotiwa weupe tu anageuka kijivu kwenye picha, lazima uangalie chini ya ngozi kuna wekundu au unjano. Usoni pia rangi sio moja, mashavu, pua na masikio yana damu zaidi ongeza wekundu, kwenye taya na kuzunguka macho punguza. Na ukitaka kuchora nyusi tumia wanja wa penseli, unatoa mstari laini mzuri, ila uwe wa mwisho kabisa maana una mafuta, akriliki haishiki juu yake.

Fundi_Mabango_Moshi
Mimi ni fundi wa kuandika mabango, hivyo vichwa mnavyoviona kwenye milango ya vinyozi ndo mkate wangu, kwa hiyo nitaongelea karatasi maana naona mnaruka. Kaunta buku halina kosa, ligundishe. Shika kurasa tatu au nne uzipake gundi nyeupe ya seremala nyembamba, uzibane pamoja chini ya kitu kizito mpaka kesho, unapata ukurasa mgumu. Juu yake paka rangi nyeupe ya ukutani ile ya maji, tabaka mbili nyepesi, la pili likatize la kwanza, ikikauka piga msasa laini. Wenye hela wananunua jeso ya dukani, kazi ni ileile, kuzuia karatasi isinywe rangi. Huku Moshi jua linakukaushia upesi, kwenu Arusha mwezi wa 7 jipe subira.

Kama umeshabandika magazeti, pale uso unapokuja chukua kadi ya zamani ya benki uisambazie hiyo rangi nyeupe juu ya gazeti mara moja, herufi zionekane kwa mbali. Upande wa kivuli paka ngozi nyepesi nyepesi herufi zibaki zinachungulia, upande wa mwanga ziba.

Ila tafadhali usianze na rangi ya mafuta ya kupaka mageti halafu akriliki juu, itabanduka yote. Najua mchoraji marehemu Edward Saidi Tingatinga na wenzake kule Dar walitumia rangi za mafuta zile za dukani, ila wao walipaka kwenye hadibodi, haifungwi kama daftari.

Binti_Sakina
Jamani Mungu awabariki, shikamoo mwalimu, shikamoo fundi. Nimejaribu kahawia na bluu usiku huu kwenye kipande cha boksi, nimeshangaa. Sasa mkono wangu bado hauna nguvu kwenye kuchora, naruhusiwa kubandika fotokopi ya picha nipake juu?

Chalii_wa_Njiro
Ruksa, nani atakukamata. Fotokopi ya sh 100 itakufundisha kivuli kinakaa wapi kuliko video kumi. Ila iwe ya mashine inayotumia wino wa unga (toner), ya printa ya wino wa maji inachuruzika ukipaka gundi. Lowesha kidole ugusie pembeni utajua.

Brashi_Kavu
Ukizoea hiyo kila siku utabaki mtu wa kupaka rangi tu, kuchora hutajua. Ya mama wa ndizi muombe kwanza kabla hujampiga picha.

Binti_Sakina
Sawa kaka nitamuomba. La mwisho, kurasa zikikauka zinashikana nikifunga daftari, nazibandua na shavu la mtu linabaki upande wa pili. Na kilemba cha bibi nakichoraje?

Fundi_Mabango_Moshi
Kushikana, paka poda ya mtoto kwa kitambaa kikavu ufute inayobaki, au weka karatasi ya kuokea keki katikati. Kilemba usihangaike kukichora, una vitambaa. Kata kitenge, kibandike kabla hujamaliza paji la uso, halafu ile kahawia na bluu uipitishe chini ya ukingo wake, kivuli kimwangukie kwenye paji. Usipoweka hicho kivuli kitambaa kitaonekana kinaelea.