Sungura wangu amekufa usiku mmoja bila dalili yoyote, nilikosea wapi?

Fundi wa Umoja

Hamjambo. Huwa nasoma tu hapa, leo nimelazimika kuandika. Jumamosi niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kuendelea na sare, maana shule zinafunguliwa na kila mzazi anataka yake kwanza. Nikamkuta Pindo amelala ubavu kando ya cherehani, miguu imenyooka, macho wazi. Mdomoni alikuwa na kipande cha jani la sukuma wiki ambacho hakukimeza. Nilipomgusa masikio, yalikuwa baridi kama bati.

Alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Nilimnunua kando ya barabara kule Githurai akiwa anatosha kiganjani. Ncha ya sikio lake la kushoto ilikuwa imekunjika kama pindo la sketi, jina likatoka hapo. Kizimba alikuwa nacho, lakini alikitumia kula tu. Mchana kutwa alishinda chini ya meza yangu, karibu kabisa na kanyagio la cherehani, nami nilizoea kutazama chini kabla ya kukanyaga.

Ijumaa jioni alikula vizuri: sukuma ya mama mboga, nyasi kavu, na micege, yale magugu ambayo mbegu zake hunasa nguoni, niliyochuma mwenyewe nyuma ya ploti. Akarukaruka akijipinda hewani kama kawaida yake akifurahi. Usiku wa manane mbwa wa ploti ya pili walibweka sana, nikamsikia akipiga sakafu kwa mguu wa nyuma, mara mbili, mara tatu, kisha kimya. Tunaishi chumba kimoja, ningenyoosha mkono tu ningewasha taa. Sikuwasha. Hilo ndilo linalonikaba.

Halafu kuna nyuzi. Nafagia kila jioni, lakini nyumba ya fundi haiishi nyuzi. Je, alimeza uzi? Au ni ile micege? Au ni mbwa?

Jirani mmoja ameniambia ninunue mwingine. Mwingine alisema ningempa akapike. Mlinzi alitaka kumtia kwenye pipa la takataka, nikakataa. Nilimfunga kwa kipande cha poplini ya kijani kilichobaki kwenye sare, nikampeleka kwa kijana anayeuza miche kando ya barabara. Hakuniuliza kitu. Alichukua jembe akachimba mwenyewe, shimo la kina cha mkono mzima, chini ya mwarobaini. Mungu ambariki.

Binti yangu ana miaka sita. Kila jioni ananiuliza Pindo aliugua nini. Mwenye kujua anisaidie, na kama kosa ni langu niambieni tu.

Mfugaji Kikuyu

Pole sana dada. Mimi nimefuga sungura miaka mingi na bado wananifia hivyo, jioni mzima, asubuhi ameganda. Sungura huficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayekamatwa kwanza. Wakati wewe unaona kwamba anaumwa, mara nyingi ameumwa siku nzima.

Kuhusu uzi, nakuuliza: kinyesi chake cha Alhamisi na Ijumaa kilikuwaje? Sungura hawezi kutapika. Akimeza kitu kikakwama, au utumbo ukisimama kwa sababu nyingine yoyote, kwanza anaacha kula, halafu punje za kinyesi zinakuwa ndogo, zinapungua, wakati mwingine zinatoka zimeshikana kama tasbihi. Anajikunja pembeni na kusaga meno. Wako alikula jioni na akaruka. Mimi sioni uzi hapo.

Hiyo micege ndiyo ningeuliza. Ni chakula kizuri, wangu wanaila kila siku, lakini nyuma ya ploti za Nairobi watu wanamwaga kila kitu, na wengine wanapuliza dawa ya kuua magugu. Huenda ulichuma mahali pabaya.

Daktari wa mifugo, Kabete

Mfugaji, swali lako ni zuri, ila tusimbebeshe mama huyu hatia ambayo hakuna anayeweza kuithibitisha.

Dada, pole. Nakwambia ninalojua. Kifo cha ghafla cha sungura aliyekuwa akila kina milango mingi. Moyo ni mmoja. Moyo wa sungura hupiga mara 180 mpaka 250 kwa dakika hata akiwa ametulia, na hofu kali, kama ya mbwa kubweka karibu, inaweza kumuua, hasa kama moyo ulikuwa na kasoro tangu zamani. Kupiga mguu sakafuni ni kutoa tahadhari, alisikia hatari. Mwingine ni gesi inayojaa tumboni kwa kasi. Mwingine ni sumu. Na kuna virusi vinavyoshambulia ini na kuvuruga kuganda kwa damu, vilivyotambuliwa kwanza China mwaka 1984. Aina yake ya pili ilijulikana Ufaransa mwaka 2010. Vinaweza kuua kwa saa chache, pengine damu ikionekana puani, pengine bila alama yoyote. Sisemi Pindo alikuwa navyo. Haviambukizi watu, kwa hiyo usiogope kwa ajili ya mtoto.

Jibu la uhakika lingetoka kwa kumpasua tu. Kwa wengine mnaosoma: mkifiwa hivi, mwili uwekeni kwenye friji, si kwenye friza, kwa sababu barafu huharibu nyama za ndani, kisha mpelekeni maabara ndani ya siku moja. Hapa Kabete kuna kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na kuna maabara za serikali. Hata hivyo nimewahi kufungua sungura, nikakagua ini, moyo, mapafu na utumbo, nisione kitu. Nimewaambia wenyewe hivyo hivyo.

Wako usimfukue. Osha kizimba kwa klorini, kianike juani, na kama utataka mwingine, subiri miezi kadhaa.

Na ile taa: hata ungeiwasha ungemkuta amekaa kimya kama sungura yeyote aliyeogopa, ukarudi kulala.

Baba Mapacha

Pole mama. Nina neno moja kuhusu mtoto. Wetu alipokufa tuliwaambia watoto kwamba amelala. Wiki mbili nzima mmoja wao alikuwa akiogopa kufumba macho usiku. Mwambie amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, na haumwi tena. Mpeleke kwenye ule mwarobaini akaone.

Fundi wa Umoja

Asanteni nyote. Daktari, nimesoma mstari wako wa mwisho mara nyingi, nikalia, halafu nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Mfugaji, nimeangalia kizimba kabla ya kukiosha. Punje zilikuwa kubwa, za mviringo, kavu, nyingi. Micege niliichuma ukutani, penye bomba la maji ya mvua. Kama kuna aliyepuliza dawa pale sijui, na nimeuliza ploti nzima, hakuna anayekubali.

Baba Mapacha, tumekwenda leo. Nimemwambia binti yangu: Pindo amekufa, na hata daktari hawezi kujua kwa nini. Akaniuliza, "Hata daktari?" Nikasema hata daktari. Alinyamaza kidogo, akaweka jani la sukuma pale kwenye udongo, kisha akamwomba yule kijana wa miche alimwagilie.

Sare zimebaki kumi na moja. Tangu asubuhi nashona, na kila nikitaka kukanyaga, natazama chini kwanza.