Nina bima ila nataka kulipa keshi kwa mwanasaikolojia, kuna mahali itaonekana?

Kijana wa Nzuguni: Wakuu habari za majukumu. Nipo Dodoma, ni mtumishi, nina bima ya afya ya NHIF kama wengine. Miezi mitano sasa usingizi umenikataa, nalala saa nne, saa saba nipo macho mpaka adhana ya alfajiri, nikisikia breki za lori moyo unaenda mbio mpaka natokwa jasho. Nimepata mwanasaikolojia binafsi huku Area D, kasomea kabisa, ila hapokei bima, elfu hamsini kikao cha saa moja. Swali langu ni moja tu, nikilipa keshi bila kutoa kadi kuna mahali itaonekana? Matusi hapana.

Bint Zabibu: Elfu hamsini kuongea?? Nipe ishirini na soda nikusikilize mpaka jioni, mkeka ninao.

Mzee wa Kikuyu: Usingizi unakatwa na simu na dhambi. Zima data saa tatu, piga magoti. Tumelea watoto saba hatukujua mwanasaikolojia ni mnyama gani.

Dirisha Namba 4: Mkuu nimekaa dirisha la bima miaka kadhaa. Bima yetu siyo ya kulipa halafu upeleke risiti, kituo ndicho kinaudai mfuko, kwa fomu yenye namba ya kadi, ugonjwa na dawa, na wewe unasaini. Usipotoa kadi hakuna fomu. Ila unakatwa asilimia 3 kila mwezi na mwajiri anaongeza 3, na Mirembe ipo hapo hapo mjini, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Yote hayo unayaacha unaenda kutoboa mfuko wako? Kuna kitu hujasema.

Kijana wa Nzuguni: Mirembe hapana. Nikionekana pale getini, jioni ofisi nzima wanajua.

Ngosha Mstaafu: Umenikumbusha mbali. 2018 nilimsindikiza shemeji yangu Mirembe, nikakaa kwenye benchi kofia nimeivuta mpaka puani nisionekane, mara naguswa bega, "na wewe umekuja?", kugeuka ni jirani yangu wa ukuta mmoja, naye kajifunga mtandio usoni kama anakwenda kuiba, tukatazamana weee, tukaishia kucheka mpaka nesi akatufukuza tukachekee nje. Shemeji alipona akarudi shambani Mpwapwa, ana alizeti ekari nne. Mpaka leo mimi na yule jirani tunasalimiana kwa heshima ya ajabu.

Dirisha Namba 4: Mleta mada hujajibu. Mwajiri anachangia tu, hapelekewi ugonjwa wako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sasa unamficha nani? Kazi yako ni nini hasa?

Kijana wa Nzuguni: Naendesha gari la ofisi. Kuna ajali ilitokea mbele yangu kati ya Gairo na Kibaigwa, gari langu halikuguswa ila mimi ndiye niliyeshuka wa kwanza, mengine sisemi. Nikiandikwa mambo ya akili na boss akasikia natolewa kwenye safari, nabaki kupeleka barua ofisi za serikali Mtumba, na safari ndiyo posho, mshahara mnaujua wenyewe. Msinipigie kelele, naendesha vizuri tu, kahawa ipo. Halafu vikao sita nimeshalipia kwa mpigo, laki tatu, kwenye hela ya kiwanja cha Nala, viwili tayari.

Bint Zabibu: Kumbe hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba baraka.

Dirisha Namba 4: Mtu hajalala miezi mitano, anaendesha Dodoma Dar kilomita zaidi ya 400, halafu hofu yake ni karatasi! Huyo mshauri anajua kuwa wewe ni dereva?

Kijana wa Nzuguni: Hajaniuliza.

Mtu wa Kibaigwa: Hapa ndipo kwangu na mimi navuka hiyo barabara kila siku na watoto. Kama ni wewe unapita na Land Cruiser nyeupe kwa spidi ile, kalale ndugu yangu. Mabosi siku hizi si wanapanda treni ya SGR?

Mpekuzi: CHAI hii, na sukari imezidi. Mwezi wa tatu akaunti hii hii ilifungua uzi wa kuku wa kienyeji ikasema ni mwalimu Kondoa. Leo dereva, kesho rubani. Hili ni tangazo, subirini mtu aje kuomba namba ya mshauri.

Mama Ubuyu: Mimi naomba namba PM.

Mpekuzi: Si nilisema!

Kijana wa Nzuguni: Acheni hizo. Kuku ni wa mke wangu, mwalimu ni yeye, hii akaunti tunatumia wote.

Ngosha Mstaafu: Ngoja kwanza. Tunatumia wote? Na habari ya kiwanja anaijua?

Kijana wa Nzuguni: Mods naomba mfute huu uzi haraka.

Mzee wa Kikuyu: Kiwanja cha Nala ni mita ngapi kwa ngapi? Kimepimwa?

Dirisha Namba 4: Kabla haujafutwa nijibu moja. Una safari lini?

Kijana wa Nzuguni: Kesho, saa kumi alfajiri.