Tumbo baada ya kisu mara mbili: nikafyonze mafuta au niache?

Mama Zai wa Tabata

Habari zenu. Nina miaka 37, watoto wawili, wote kwa kisu, wa mwisho ana miaka minne. Kilo 74, urefu sentimita 163. Mikono na miguu haina neno, shida ni tumbo. Juzi konda wa Gongo la Mboto kawafokea watu wanipishe kiti, "mama mjamzito huyo!" Nikakaa. Ningebisha halafu nisimame hadi Tabata?

Soda nimeacha, ugali wa usiku nimeacha, alfajiri natembea na jirani. Kilo zimepungua, tumbo halina habari.

Sasa nimepata kliniki Instagram. Nikawatumia picha WhatsApp, ya mbele na ya ubavu, wakanijibu: tumbo na kiuno, unaingia asubuhi unatoka jioni, baada ya wiki uko kazini. Wanataka nusu ya hela kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu ya punguzo. Hela ipo, tumevunja kikoba. (Mama mkwe anajua ni ya mabati.) Mume anasema hanikatazi wala haniruhusu. Mnaojua, nisaidieni.

Sindano Taratibu

Mama Zai, nafanya kazi chumba cha upasuaji, upande wa usingizi. Usilipe kwanza.

Lala chali, kunja magoti, weka vidole juu kidogo ya kitovu, halafu nyanyua kichwa utazame miguu yako. Vidole vikizama katikati kama kwenye mtaro, misuli imeachana. Hutokea sana baada ya uzazi, na hakuna mrija wa kufyonza unaoirudisha pamoja.

Kile wanachofyonza ni mafuta ya chini ya ngozi, yale unayoweza kuyabana kwa vidole. Yaliyo ndani, yanayozunguka utumbo, hayaguswi, na hayo ndiyo yanayoendana na sukari na presha. Mwaka 2004 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa Marekani: wanawake 15 wanene walitolewa karibu kilo 10 za mafuta kila mmoja. Walipopimwa wiki 10 hadi 12 baadaye, presha ilikuwa ileile, mafuta ya kwenye damu yaleyale, na mwili haukuitumia insulini, homoni inayoshusha sukari, vizuri zaidi.

Tena kuna ngozi. Kama imelegea, ukiondoa mafuta inaning'inia zaidi. Hapo inahitajika operesheni nyingine, ya kukata ngozi na kushona misuli, kovu linatoka nyonga hadi nyonga. Bei yake nyingine, kupona kwake kwingine.

Kinachoniudhi ni hiyo bei ya picha. Kabla ya mrija, unajazwa maji yenye dawa ya ganzi na adrenalini ili usivuje damu nyingi. Ganzi ile hupimwa kwa kilo za mtu, ikizidi inavuruga moyo. Mafuta pamoja na maji yakitoka zaidi ya lita 5, mtu hatakiwi kurudi nyumbani jioni, anabaki akiangaliwa. Na wewe una kovu la kisu mara mbili: chini ya kovu panaweza kujificha ngiri, mrija ukipita hapo unaweza kutoboa utumbo. Nani amekushika tumbo akajua? Wingi wa damu wamepima? Seli mundu?

Kijana wa Mbagala

Piga mazoezi dada. Hela ya kikoba nunua mabati kweli.

Bint Makorora

Wewe kijana, zaa kwanza.

Shoga, mimi nilifyonza mapaja na ubavu na sijuti. Ila hiyo "wiki moja kazini" ni maneno ya muuzaji. Usiku wa kwanza maji mekundu yanavuja kwenye vitundu, tandika mpira chini ya shuka. Kisha nguo ya kubana, mchana na usiku, wiki sita. Kwa joto la Tanga la Februari! Ngozi inakuwa na ganzi, unapapasa paja unaona la mtu mwingine. Umbo lenyewe nililiona baada ya miezi, kwa sababu uvimbe hauna haraka. Mizani haikushuka vya kujisifia. Halafu nilinenepa tena kidogo, mafuta yakahamia mgongoni.

Mwaka 2024 Nairobi mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa aina hii, baraza la madaktari la Kenya likaifunga kliniki. Mie nilikuwa nishafanya. Nilikaa na ile habari siku nzima.

Mama Zai wa Tabata

Nimelala chali hapa sebuleni, watoto wanacheka. Vidole vitatu vinazama. Ngozi ya chini ya kovu naikunja kama shuka. Kwa hiyo mrija ungenitoa nini hasa?

Kliniki wamepiga tena, punguzo limeongezwa siku mbili. Nikauliza jina la daktari, wakasema nitamjua siku hiyo.

Sindano Taratibu

Siku hiyo utakuwa umeshavaa gauni la kijani.

Daktari atajwe jina, na jina ulikague Baraza la Madaktari Tanganyika: awe bingwa wa upasuaji rekebishi, si daktari yeyote mwenye mashine. Anza Muhimbili au Mloganzila, upimwe na ultrasound ya ukuta wa tumbo. Omba pia kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, kuna mazoezi ya misuli ya ndani yanayosaidia baadhi ya watu. Zile sit-up acha kwa sasa. Una mpango wa mtoto wa tatu? Kama upo, subiri, mimba inaweza kufungua kilichoshonwa.

Swali moja: uzazi wa mpango unatumia nini?

Mama Zai wa Tabata

Vidonge. Kwani vinahusu?

Sindano Taratibu

Vinahusu sana. Vile vyenye homoni ya estrojeni vinaongeza hatari ya damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni, na upasuaji wenyewe unaiongeza. Mwambie daktari mapema ili akubadilishie njia. Usiviache mwenyewe, utarudi hapa kuuliza mambo mengine.