Kopo moja la maski, vichwa vitatu: naomba ushauri

MamaWatatu_
Habari za jioni wadau. Nina kopo la maski ya nywele yenye keratini (protini ya nywele), gramu 500. Tunalitumia watu watatu hapa nyumbani na kila kichwa kinatoa majibu yake.

Kwanza nywele za dawa, zimefika mabegani. Zikilowa zinavutika kama jojo halafu zinakatika. Baada ya maski zinashika siku mbili, kisha zinarudia hali yake. Pili ni za binti wa miaka 14, kipilipili cha kujikunja kwelikweli, dawa hazijawahi kuonja. Hizi zimekuwa kavu kama katani, ukipitisha chanuo zinakatika. Tatu ni za wifi, nywele za singa: zinalala na kunata siku ileile ya kuosha.

Tunapaka kwenye nywele kavu kuanzia shinani, tunavaa kofia ya plastiki, tunalala nayo, asubuhi shampuu. Maji ni ya kisima, yana chumvi. Nimeambiwa niachane na makopo nipake yai na mayonezi. Nifanyeje?

Msusi_Temeke
Dada, kopo halina kosa, mpangilio ndio umepinduka. Maski inakuja baada ya shampuu. Ukiitanguliza, povu la asubuhi linaiondoa karibu yote, ndiyo maana zile za dawa hazidumu. Osha, kamua kwa taulo mpaka maji yaache kuchuruzika, ndipo upake. Nywele zikiwa chapachapa maski inateremka na maji.

Halafu pima unywele kabla hujagawa kopo. Okota mmoja uliong'oka, uloweshe, uvute taratibu kwa vidole viwili. Ukivutika kidogo na kurudi, uko sawa. Ukivutika bila kurudi umepungukiwa nguvu, na keratini inaufaa. Ukikatika papo hapo bila kuvutika, unahitaji unyevu, na protini itaukausha zaidi. Kwa maelezo yako, hilo kopo ni la kichwa cha kwanza peke yake.

Kitana_Kipana
Kwa binti, simamisha protini wiki 6 hivi. Mwoshe mara moja kwa shampuu yenye EDTA (kiungo kinachonasa madini), itatoa mabaki ya maski pamoja na madini ya kisima yaliyoganda kwenye nywele. Kisha tafuta maski ya unyevu. Kwenye lebo viungo huanza na kilicho kingi, kwa hiyo angalia mwanzoni: uone Cetearyl Alcohol na Glycerin, usione neno Hydrolyzed (yaani protini iliyovunjwavunjwa) likifuatwa na Keratin au Wheat Protein. Wala usitishwe na hiyo Alcohol, ni ya jamii ya mafuta, inalainisha.

Gawa nywele mafungu 8, yafunge mabutu, ufungue moja moja. Kila fungu kijiko kimoja cha chakula. Anza nchani, panda kuelekea shinani, ukipitisha vidole mpaka mafundo yaachie na mikunjo ijikusanye yenyewe. Ukiona weupe umetuama juu, hujaisambaza bado. Chanua hapohapo maski ikiwa kichwani, chanuo la meno mapana. Vaa kofia ya plastiki, juu yake taulo iliyochovywa maji ya moto na kukamuliwa. Ikipoa ibadilishe. Dakika 20 zinatosha.

BintiPwani
Yai si protini tupu jamani? Kopo la nini?

Msusi_Temeke
Protini ya yai bibie ni kubwa mno, haiingii kwenye unywele. Inakaa juu, ikikauka inakuwa gamba. Na ukiingia nalo kwenye draya linaiva, maana ute huanza kuganda kwenye nyuzi joto 60 hivi. Kuchambua yai lililoiva kwenye kipilipili ni adhabu. Mayonezi nayo kwa sehemu kubwa ni mafuta: yanang'arisha, hayaongezi nguvu.

Ukitaka cha jikoni, saga parachichi nusu lililoiva sana, tui zito vijiko 2 na asali kijiko 1, kisha kamulia kwenye kitambaa cha kuchujia tui. Usipochuja, nyuzi za parachichi utazitoa kichwani wiki nzima. Tumia siku hiyohiyo, kesho yake imechacha.

MamaWatatu_
Ahsanteni sana. Wifi je? Na kulala na maski kuna ubaya gani?

Kitana_Kipana
Wifi kijiko kimoja cha chai cha maski ya unyevu, kuanzia usawa wa masikio kushuka chini, dakika 5, kila baada ya wiki 2. Shinani asiguse. Unywele ulionyooka hushusha mafuta ya kichwa haraka, yanamtosha.

Kulala nayo: unywele ukinywa maji hunenepa kwa karibu asilimia 15, ukikauka unasinyaa. Kuuacha umevimba usiku mzima, tena mara kwa mara, kunaulegeza. Na ngozi ya kichwa ikishinda mbichi chini ya plastiki unakaribisha mba. Cha kulala nacho ni mafuta ya nazi, kidogo, kwenye nywele kavu kabla ya siku ya kuosha. Utafiti wa Rele na Mohile wa 2003 ulionyesha yanapunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Mafuta ya alizeti hayakufanya hivyo.

Msusi_Temeke
Nimalizie nywele za dawa. Vijiko 2 vya chakula, dakika 10, mara moja kwa wiki 4. Wiki nyingine unyevu tu, la sivyo zitakuwa kama za binti. Siku ya kuweka dawa, suuza kwanza, halafu shampuu ya kuondoa ukali wa dawa. Nyingi povu lake huwa la pinki dawa ikiwa bado ipo. Rudia mpaka povu liwe jeupe kabisa, ndipo maski. Kichwa kikiwa kimeungua, stima (mashine ya mvuke) usiiguse.

Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya mvua, lita 1 inatosha. Ukikosa, tumia ya kisima ukiyatia siki kijiko kimoja cha chakula.

MpitaNjia77
Na ile keratini ya saluni inayopigwa pasi, nywele zinanyooka miezi, si ndiyo hiyohiyo?

Kitana_Kipana
Jina tu. Ile ni ya kunyoosha, na nyingi hutoa fomaldehaidi, gesi yenye sumu, pasi ikipita. Ndiyo maana ule moshi unawasha macho. Mtoto wa miaka 14 asipelekwe huko.

MamaWatatu_
Nimewaelewa. Kariakoo kuna maski za kupimiwa kwenye vikopo vidogo, nimchukulie binti?

Msusi_Temeke
Za kupimiwa acha, lebo huioni na hujui kilichochanganywa. Hata la kwako chota kwa kijiko kikavu. Vidole vyenye maji ndivyo vinavyolitia ukungu.