Stika ya fundi inasema kilomita 3,000, kitabu cha gari 15,000. Nani anatupiga?

Kichwa Ngumu: Wakuu, nina Toyota IST, injini 1NZ. Fundi kabandika stika: rudi baada ya kilomita 3,000. Jamaa anayesoma Kijapani kanifungulia kitabu cha gari, kumbe ni 15,000 au mwaka mmoja. Nimefikisha 4,200 na oili ni nyeusi tii. Nimwage?

Mwana Mbagala: Weusi siyo hoja. Oili inaosha injini, masizi utayaona tu humo.

Bi Gia: Mwambie jamaa yako afungue ukurasa wa pili. Safari fupifupi, vumbi, gari kusimama linaunguruma: inakuwa 7,500 au miezi sita. Kwenye foleni ya Kimara kilomita hazisogei, injini inafanya kazi. Na huyo fundi keshakuwekea SAE 40 ya dumu, oili nzito, badala ya 5W-30 iliyo nyepesi, lazima akuwahishe. Halafu oili chafu anawauzia wapaka mbao. Anakula mara mbili.

Spana 14: Dada yangu, dumu la oili chafu hata chai ya vijana wangu wa gereji halitoshi. Ndiyo wizi huo? Hao watu wa kitabu magari yao yanakuja yakivutwa. Ukifungua kava ya tapeti, mfuniko wa juu ya injini, oili imeganda kama ugali wa jana.

Bi Gia: Sijasema mwizi. Nimesema unakula mara mbili.

Spana 14: Matusi yale yale, umeyavalisha kanga tu.

Mtoto wa Seremala: Ila oili chafu kwa mchwa ni kiboko. Kenchi za kwa mzee hazijaguswa hadi leo.

Kasri: Mimi nilipaka, jipsamu ikatoka madoa ya kahawia sebule nzima. Dawa ya mbao inauzwa, acheni ubahili.

Mtoto wa Seremala: Umepaka asubuhi, jioni umefunga dari. Mchwa wana kosa gani hapo?

Kichwa Ngumu: Jamani, 4,200. Nimwage?

Mwana Mbagala: Chomoa kijiti cha kupimia oili kwanza, mkuu. Injini hiyo na filta yake inajazwa lita 3.7. Kama imeshuka chini ya alama, kilomita unazibishania za nini?

Kasri: Ubahili nimeusema kwa wema, mtu asininunie.

Mtoto wa Seremala: Kichwa Ngumu, ukimwaga usimwachie fundi. Nina nguzo za uzio Kibaha.

Spana 14: Bi Gia, mlaji wako wa pili huyo hapo.