Chuo kinatuandaa kuwa walimu wa udereva kwa noti za masomo za Uingereza zilizofutwa maili!

Wadau, nimekasirika na nitaandika kwa kirefu, vumilieni.

Kuna chuo hapa katikati ya jiji la Nairobi, jina nitaliacha, kinachochukua madereva wazoefu na kudai kinawaandaa kwa mtihani wa nadharia wa walimu wa udereva. Ada yote unatuma kwa M-Pesa kabla hujapewa kiti. Ukishaketi unakabidhiwa rundo la fotokopi na orodha ya majibu, 1 ni B, 2 ni D, halafu unaambiwa ukakariri. Basi. Hayo ndiyo mafunzo.

Nimezisoma fotokopi hizo ukurasa kwa ukurasa, na nataka kila anayefikiria kulipa ajue kilichomo.

Zinasema kikomo cha mwendo mjini ni kilomita 30 kwa saa na barabara kuu ni 70. Jamani! Mjini Kenya ni 50. Gari la kibinafsi kwenye barabara kuu ya njia mbili kila upande, mwisho ni 110. Matatu na malori mwisho ni 80, na wengi wetu tulikuwa barabarani mwaka 2004 kanuni za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoanza kutekelezwa na kila matatu ikalazimika kufungwa spidi gavana, kile kifaa cha kuzuia mwendo kupita kikomo. Hizo 30 na 70 zimetoka wapi? Zimetoka Uingereza, na huko ni maili. Maili 30 ni karibu kilomita 48. Kuna mtu alipakua karatasi za Waingereza, akafuta maili, akaandika kilomita, akapiga fotokopi na kutuuzia.

Jedwali la umbali wa kusimama nalo limeharibika vivyo hivyo. Linasema gari likiwa kwenye 30 linasimama ndani ya mita 23. Hiyo mita 23 ni ya maili 30. Ukiisoma kama kilomita, hesabu yote inayofuata ni uongo, na huo uongo ndio utakaomfundisha mtoto wa mtu aliyefunga kibao cha L cha mwanafunzi wa udereva.

Lililoniudhi zaidi ni la zile pembetatu za onyo. Swali linauliza, gari likikuharibikia barabara kuu utaweka pembetatu? Jibu la kukariri: hapana. Kwa Waingereza ni sawa, kwa sababu kwenye barabara zao za kasi wanakatazwa kabisa kuziweka, maana ni hatari kutembea pale. Kwetu sheria inakutaka uzibebe garini, na kila aliyewahi kusafiri usiku Barabara ya Mombasa anajua kwa nini. Lori limezimika gizani, halina taa, halina hata kiakisi, na kitu pekee cha kukuonya ni matawi ya miti ambayo dereva ametupa lamini. Watu wanakufa kwa kugonga malori ya namna hiyo. Halafu chuo kinamwambia mwalimu wa kesho akafundishe kwamba pembetatu haziwekwi?

Kurasa chache ambazo kweli ni za Kenya nazo zimepitwa na wakati. Bado zinasema daraja A la leseni ni basi na E ni gari dogo, ule mpangilio wa zamani tuliouita BCE kwa herufi za madaraja yake. Kanuni za mwaka 2020 kuhusu shule za udereva, walimu wa udereva na leseni zilibadilisha mpangilio huo: A sasa ni pikipiki, B gari dogo, C malori, D magari ya abiria. Mtu anayetaka kuwa mwalimu hawezi kuingia mtihani bila kujua hata mwanafunzi wake anaomba leseni ya daraja gani.

Na hata kuiba hawakuiba vizuri. Mtihani wa nadharia wa walimu wa udereva kule Uingereza una maswali 100, na ili upite lazima upate angalau 85. Lakini hiyo haitoshi. Maswali yamegawanywa makundi manne ya 25, na kila kundi lazima upate angalau 20, kwa hivyo huwezi kujificha nyuma ya alama za barabarani unazozijua tangu utotoni. Kundi moja linahusu mbinu za kufundisha. Kuna pia sehemu ya video ya kutambua hatari barabarani, na usipofika 57 kati ya 75 umeanguka. Katika fotokopi zetu mbinu za kufundisha hazimo kabisa. Walichukua alama na vikomo vya mwendo, wakaacha ualimu wenyewe.

Mama mmoja darasani, dereva wa basi la shule kwa miaka mingi, aliinua mkono: "Mwalimu, hii ya 30 si ya Kenya." Akajibiwa, "Mama, wewe shika jibu. Ukianza kuuliza kwa nini, hatutamaliza."

Sasa mwalimu wa udereva anafanya kazi gani kama si ya kueleza kwa nini? Mwanafunzi wako atakuwa nyuma ya matatu Barabara ya Jogoo na atakuuliza aache nafasi ya nini ilhali akiiacha mwingine anachomeka. Herufi B haitakusaidia hapo. Unatakiwa umweleze kwamba kwenye kilomita 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, kwa hivyo mguu ukichelewa sekunde moja kufika kwenye breki, mita hizo zimeshaisha kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Umweleze kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kufunga breki unakuwa mara nne, na mvua ikinyesha nafasi inaongezwa maradufu. Umweleze pia kwamba makanga akipiga bodi, matatu itasimama papo hapo, pawe na steji pasiwe na steji. Raundabauti vilevile: taa ni kijani lakini askari amekuinulia mkono, anayetiiwa ni askari. Nairobi hilo utalikuta kila asubuhi, na fotokopi hazina hata mstari mmoja juu yake.

Tumedai pesa zetu. Tumejibiwa ada hairudishwi. Tumeomba basi noti zirekebishwe, tukaambiwa waliotutangulia walipita kwa hizo hizo. Kama ni kweli, hilo linanitia hofu kuliko hasira, kwa sababu watu hao sasa wanakaa kiti cha kushoto wakiwaelekeza wengine.

Sitaki pole hapa. Nataka waliofanya mtihani huu karibuni watuambie walisoma nini hasa, na chuo gani Nairobi kinafundisha kwa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na kanuni za 2020, na kina mtu anayejua kufundisha kufundisha. Aliye na nakala safi ya kanuni hizo aiweke hapa. Baadhi yetu tumeamua kukutana Jumamosi mchana tusome wenyewe, na nafasi ipo kwa yeyote aliyetapeliwa kama sisi.