Diwani wetu kamjibu bibi kizee msibani: "Hukunichagua wewe, nilipita bila kupingwa"

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka makaburini sasa hivi, hata viatu vya tope sijavua. Jina simtaji, mnamjua. Ile kofia tu inatosha.

Tumemaliza kuzika. Bibi wa miaka themanini na ushee kasimama na mkongojo wake, kanga imelowa mpaka magotini maana jeneza tumelivusha majini, kalavati liliondoka na masika na halijarudi. Kauliza kwa adabu zote: "Mwanangu, lile kalavati vipi?" Jamaa kacheka, kafuta jasho kwa leso, kajibu: "Bibi, hukunichagua wewe. Mimi nilipita bila kupingwa."

Mbele ya kaburi bichi! Mashada bado yako mikononi mwa watu!

Huyu si ndiye aliyeangushwa kura za maoni za CCM 2010 akalia mpaka wajumbe wakaanza kumchangia maji ya kunywa? 2015 Lowassa, waziri mkuu wa zamani, kahamia Chadema, kesho yake tu jamaa naye yuko upinzani, anaapa bora azikwe hai kuliko kurudi alikotoka. Tukambeba. Bibi huyo huyo alipanga foleni tangu giza halijatoka, akarudi anaonyesha watu kidole chenye wino. Jamaa akashinda kwa kura zisizojaza daladala mbili. Likaja wimbi la wapinzani kurudi CCM, eti "kuunga mkono juhudi" za Magufuli. Novemba 2017 kata 43 zikapiga kura za marudio siku moja, yeye akaona asipitwe, 2018 kajiuzulu. Ukihama chama udiwani unaachwa mlangoni, ndiyo sheria. Ukaitishwa uchaguzi mdogo kwa hela zetu, halafu nani kagombea? Yeye! Kiti kile kile alichokinyanyukia, bado cha moto! 2020 mpinzani wake fomu ikakataliwa, eti kakosea kujaza, jamaa akapita usingizini.

Halafu leo, "hukunichagua wewe". Anamwambia nani? Aliyeloa umande kwa ajili yake 2015! Kama hakuna aliyemchagua, zile posho za baraza la madiwani anakula kwa niaba ya nani? Na kamati ya maendeleo ya kata anaiongozaje, kwa kura za mizimu?

Msibani, wakuu. Msibani!

#2
Pole kwa msiba. Ila 2015 si wewe uliyekuwa juu ya gari la matangazo unampigia debe mpaka sauti ikakauka? Tulikwambia huyo popo, si ndege si mnyama. Ukatuita mamluki.

#3
Hahaha #2 umemmaliza. Nakumbuka fulana aliyovaa.

#4 (mleta uzi)
Fulana nilivaa, sikatai, na ndiyo maana inaniuma. Lakini bibi kakosa nini? Kauliza kalavati tu! Kacheka, wakuu. Kacheka kwanza ndipo akajibu.

#5
Nilikuwepo. Alivyosema vile mpaka shehe alinyamaza. Na alipoondoka gari lake lilikwama pale pale mtoni, vijana wakakataa kusukuma.

#6
Safi sana vijana! Walimwambia nini?

#5
"Hatukukuchagua sisi."

#7
Nyie wa kwenu angalau anakuja msibani. Wetu tangu aapishwe tunamwona kwenye kalenda. Kikundi cha akina mama kilipeleka maombi ya mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, 2023 mikopo ikasimamishwa, sasa imerudi, wanaambiwa waanze upya fomu zote. Diwani anasema mhuri uko kwa mtendaji, mtendaji anasema uko kwa diwani. Mhuri huo unatembea kuliko wao.

#8
Kalavati hilo muulizeni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, diwani hana fungu la barabara.

#4 (mleta uzi)
#8 hilo sawa, si angemjibu hivyo bibi? "Bibi, nitalifikisha TARURA." Maneno matatu! Badala yake kamwambia hukunichagua. Na uchaguzi ujao aje aombe. Aje na hiyo kofia, tutakuwa tumekaa pale pale mtoni.

#9
Atapita tena, mtapewa chumvi na kanga za bure.

#10
Mkuu #9 chunga mdomo, kanga sisi hatujawahi kupewa hata upindo. Zinaishia kwa mabalozi wa nyumba kumi.

#11
Mabalozi wa kwenu wana kanga? Kwetu balozi kagawa mabati ya zahanati kwa shemeji zake wawili, zahanati imeezekwa upande mmoja. Mvua ikinyesha wagonjwa wanahamia upande wa nesi.

#7
#11 hiyo zahanati ni ile ya njia panda au ya juu kwa mwalimu? Maana ya juu kwa mwalimu nayo haina choo.

#11
Ya njia panda. Ya juu kwa mwalimu choo kipo, ila ufunguo anao diwani.